Kinepali cha Kunong'ona

Durban, mwezi wa tano

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Magoti ya mama yanaendeleaje? Usiniandikie tena kwamba "hajambo". Niambie kama anafika kanisani kwa miguu yake. Sisi tu wazima, mimi, Mama Ester na Ester mwenyewe, ingawa duka la simu nililifunga vijana walipopita mtaa wetu wa Point wakisaka wageni wa kuwapiga. Hatukuguswa, Mungu anajua kwa nini.

Nakuandikia jambo linaloniwasha. Katika chumba cha jirani wanaishi Wanepali: Prakash, mpishi wa hoteli, mkewe Sarita, na mtoto wao Bikash wa miaka sita. Kila Jumamosi Sarita huwafundisha Bikash na Ester wetu Kinepali. Somo la kwanza halikuwa herufi. Lilikuwa kumwuliza mkubwa, "Bhat khanubhayo?", yaani, umeshakula wali? Ndiyo salamu yao. Ester alikuwa akiniuliza hivyo kwa sauti ya kuvunja vioo, hata nikiwa nimeshiba ugali.

Fujo zilipoanza, Prakash akayapiga marufuku masomo hayo. Nikamkabili koridoni.

"Unamkata mtoto lugha yake kwa kuwaogopa wahuni?"

"Dai," akaniambia, ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa, "hasira zako hazizuii fimbo. Wakimsikia kutoka nje, utawasomea vitabu vyako?"

"Nitawasomea!"

"Eish! Basi watakufa kwa usingizi."

Sarita akacheka, akaamua: masomo yaendelee, mlango ufungwe, televisheni iongezwe sauti, watoto wanong'one. Nikaona tumeshinda.

Jumapili iliyopita, tukiwa chumbani mwao, bibi yake Bikash alipiga simu kutoka Nepal. Mtoto akaishika simu kwa mikono miwili, akanong'ona salamu yake. Bibi hakusikia. Akarudia, akanong'ona tena. Bibi wa watu akaanza kulia, akidhani mjukuu anaumwa na wanamficha.

"Sema kwa nguvu!" Prakash akamfokea.

Bikash akamshangaa. "Baba, si hii lugha haina sauti?"

Hakuna aliyecheka. Yaya, nimesoma mengi juu ya watu walionyang'anywa lugha zao, na kila mara nilimtafuta mwizi mwenye bunduki. Huyu wetu hakuhitaji hata kuingia ndani. Sisi watu wazima tulimfanyia kazi yake, kwa upole, tena tukijipongeza. Nikamwambia Prakash afungue mlango. Akaniuliza kama vijana wale wamehama mji. Mlango ukabaki umefungwa.

Nisalimie mama, shemeji yangu mumeo, na baba mdogo mwambie bado nabishana naye. Nitapiga simu Jumapili. Ester naye ameanza kutunong'oneza Kiswahili, hata tukiwa mezani. Akikunong'oneza kwenye simu, usijifanye umemsikia. Mwambie arudie, na arudie tena, mpaka asikike koridoni kote.

Mdogo wako anayekupenda,
Baba Ester