Miche ya Mwaka wa Tatu

Sidab, Maskati
Oktoba 1965

Suud,

Wa alaykum salaam, na hiyo shikamoo ya karatasi kaa nayo. Mwaka wa nne huu sijauona uso wako! Najua, najua, huku aliyekwenda kusoma nje bila ya ruhusa ya Sultani hafunguliwi mlango. Barua nazo zimekatazwa? Moja kwa mwaka, kama zaka? Mahfoudha, jirani yangu anayeniandikia, ananambia nikuseme polepole. Wewe Mahfoudha, kazi yako kuandika.

Mie mzima, magoti tu. Huku mawe matupu. Mchana majabali yanakunywa jua, usiku yanatutapikia. Tangu mapinduzi yanitoe Unguja mwaka jana sijapata usingizi wa kushiba. Nimepanda mchicha na bizari kwenye makopo ya samli, na mbuzi wa Mahfoudha ananisaidia kuvuna.

Sasa hili la bakuli. Unasema jirani yako, huyo Morag, kakuletea bakuli la matunda ya porini mfano wa forosadi, nawe ukalikosha ukamrejeshea. Tupu? Suud! Nimekulea mimi tangu mama yako Aliya kufariki, hivyo ndivyo nilivyokufunza? Chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata ukitia chumvi. Watasema mtoto huyu hana kwao. Pika kaimati umpelekee leo hii, kabla jua halijazama, kama huko linazama.

Bibi yako


Aberdeen, Skotlandi
Septemba 1966

Bibi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Magoti yanaendeleaje? Na yule mbuzi? Mie sijambo, namshukuru Mungu, ila baridi ishaanza kuning'ata vidole.

Kaimati nilipika. Za kwanza ziliungua, za pili zilikuwa mbichi ndani, na Morag kazila zote. Bakuli likarudi na mayai. Nikatia visheti, likarudi na viazi. Sasa kila mmoja wetu anaogopa kuwa wa kwanza kulirejesha tupu, basi linakwenda na kurudi, mtaa mzima wanatucheka.

Nimehamia nyumba yenye kiwanja nyuma, mtaa huo huo. Jioni za kiangazi huku ni ndefu, nikitoka kazini nalima. Kuna kalunguyeye anakuja uani, mdogo kama chungwa lenye miba, anawala konokono wanaonilia kabeji. Theluji ikianguka atajifukia kwenye majani makavu alale mpaka baridi ishe. Namwonea wivu, Bibi, siku nyingine. Na ndege weusi wenye midomo ya manjano, hao ni wezi kuliko mbuzi wako.

Nimetia na miche ya matunda madogo meusi, makali, watu hapa huyapikia jamu. Aliyeniuzia kasema yatazaa vizuri mwaka wa tatu.

Ntakuja, inshaallah. Mlango ukifunguliwa tu.

Mjukuu wako, Suud


Sidab
Januari 1967

Suud,

Wa alaykum salaam. Afya yangu iache. Mahfoudha kanisomea barua yako, nikacheka na kaimati. Nikamwambia rudia, nikamhurumia kalunguyeye. Nikamwambia rudia tena, ndipo nikasikia.

Mwaka wa tatu.

Mwanangu, kusoma sijui, lakini shamba nalijua. Nimeshika mikarafuu tangu sijavunja ungo. Mtu wa kuondoka hupanda mchicha: haukai sana, kala, kang'oa, kenda zake. Anayepanda mti wa kungojea, huyo keshakaa. Unadhani kwa nini mie huku napanda kwenye makopo? Moyo wangu bado uko Unguja. Nikiitwa kesho, nayabeba kichwani nakwenda. Wewe umetia ardhini.

Na jamu yote hiyo ataila nani? Wewe hata ndimu kwenye mchuzi ulikuwa unakunja uso.

Siulizi kama utarudi. Nauliza yuko nani. Na usinifiche. Unguja walinificha mambo mpaka asubuhi niliyotiwa chomboni na kanga moja. Nimechoka kufichwa, Suud. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Bibi yako


Aberdeen
Agosti 1969

Bibi,

Nashika miguu yako. Sina uso wa kuuliza hali yako baada ya kimya chote hiki, lakini nauliza. U mzima?

Ulijua. Yuko Morag. Nikaha alitusomea sheikh wa mabaharia wa Kiyemeni, mwaka ule ule wa barua yako. Bakuli likahamia kwangu pamoja na mwenyewe. Nilianza kukuandikia si mara moja. Kila nikifika kwenye neno "mke" nakuona umekaa uani peke yako, nachana. Halafu akazaliwa mtoto, nikawa na mambo mawili ya kusema, na woga ukawa mara mbili.

Ni msichana. Tumemwita Aliya.

Miche imezaa. Jana nimemkuta amejikunyata chini yake, uso wote mweusi kwa matunda, anagombana na ndege. Ndege anapiga kelele, naye anamjibu. Ana paji la marehemu mama yangu.

Mlango ukifunguliwa, sijui kama ntarudi kukaa. Ulitaka kweli, nami nakwambia kweli.

Mjukuu wako, Suud


Sidab
Septemba 1970

Suud,

Wa alaykum salaam, mtoro wee! Ulininyamazia, nami nikakunyamazia. Kila Ijumaa Mahfoudha anakuja na kalamu yake, namwambia rudi nayo kwako.

Si kwa ajili ya mkeo. Aliyekula kaimati mbichi akarudisha bakuli na mayai, huyo ana moyo, sina neno naye. Ni hilo jina. Siku ile nililia mpaka Mahfoudha kanimwagia maji kichwani. Halafu nikapandwa na hasira. Mtoto ana jina la mwanangu, anatembea, anapigana na ndege, na mie sijui kama yupo! Sala zangu zote hizo zimepita na mtu mmoja kasoro.

Sasa, ya huku umeyasikia. Sultani mpya kakaa, mlango umefunguliwa, walioko nje wanaitwa warudi. Vijana wanashuka na mabegi, mitaa imejaa vigelegele. Mahfoudha ananambia, "Suud atapewa kazi kubwa huyo, ofisi na feni!" Nikamwambia Suud ana kwake. Sikusema kwa uchungu. Mtu hufika pahala mikono ikachoka kuvuta, akawaacha watu waote walipoota.

Lakini nisikilize. Kukaa ni jambo jingine na kuja ni jingine. Kutokaa nakusamehe. Kutokuja sikusamehe, duniani wala akhera.

Njoo Januari, kumepoa, huyo mtoto wa theluji asije akaungua. Mkeo mwambie Kiingereza sina, na Kiarabu changu hata Waarabu wanakicheka. Tutakula tu, tutaelewana. Mkifika mlangoni, aingie mtoto kwanza. Halafu mama yake. Wewe simama hapo hapo nje mpaka nimalize kukusema. Nikichoka, ntakwita.

Bibi yenu