Pakiti ya Magadi

Jumapili, 11 Agosti 1996
Wagonjwa kumi na tisa, wawili mahututi, hakuna aliyekufa. Kauli ya tabibu wa zamu, Bi. Rozina, saa kumi jioni. Habari ilinikuta nasahihisha gazeti letu kwa kalamu nyekundu, kama kila Jumapili. Mhariri Dar kanikatia tena aya ya mwisho; naiandika pembeni kwa mkono.

Wote ni wanakwaya. Walikula maharage mtaa wa Makanyagio baada ya misa. Nusu saa baadaye: udenda, matapishi, tumbo kukata. Kisha vidole vikaanza kujikunja vyenyewe.

Bi. Rozina kavitazama vidole, kasema floraidi. Sumu iliyomo kwenye dawa ya mende. Ikiingia damuni inashika madini ya chokaa, na bila chokaa moyo haupigi sawasawa. Dawa ni chokaa hiyohiyo: sindano kwa mahututi, maziwa kwa wengine. Sindano chache. Maziwa hakuna.

Wafugaji wa Kisukuma wameleta madumu sita ya maziwa kwa baiskeli. Hawakuuliza wanaougua ni akina nani.

Jumatatu, 12 Agosti
Wote kumi na tisa wameiona asubuhi. Mahututi mmoja kanyoosha vidole. Mwingine bado.

Mpishi yuko mahabusu. Mama Nestori, mkimbizi Mrundi wa kambi ya Mishamo aliyehamia mjini, anayepikia kwaya siku zote. Kosa lake: ni mzima. Nje ya kituo watu wanapiga kelele kwamba Mrundi kawalisha watu sumu. Wengine wanataka nyumba yake ichomwe.

Nimemwuliza kwa nini hakula.
“Baba, mpishi anakula wa mwisho. Kwenu nyie anakula wa kwanza?”

Kwetu pia anakula wa mwisho.

Anasema alitia magadi tu, maharage yaive haraka. Mtoto wa jirani ndiye aliyetumwa kuyanunua, na hakumbuki ni duka lipi. Polisi wanayo karatasi iliyofungiwa magadi. Nimeiomba. Ukurasa wa tano wa gazeti letu, habari yangu ya tumbaku. Pembeni, kwa wino mwekundu, aya yangu iliyokatwa.

Magazeti yangu ya zamani nampa mtu mmoja tu. Mzee Kasonso, muuza duka.

Nimeogopa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 13 Agosti
Nimekwenda dukani na askari. Juu ya rafu makopo mawili yanayofanana, hayana maandishi. Unga mweupe kote.

“Mimi sihitaji maandishi,” Mzee Kasonso kasema. “Kulia magadi, kushoto dawa ya mende. Miaka yote.”
“Na Jumamosi nikafuta vumbi,” mkewe kasema kutoka mlangoni. “Nikarudisha.”
“Ukarudisha vipi?”
“Nilivyoona inapendeza.”

Mzee kakaa chini kwenye gunia. Kisha kataja, mmoja mmoja, wengine walionunua magadi tangu Jumamosi. Watano. Hapo ndipo nilipomheshimu.

Askari kashika upande wa reli, mimi na mzee upande wa soko. Pakiti nne zimepatikana kabla ya saa sita, hazijafunguliwa. Ya tano ilikuwa juu ya meza, karibu na sufuria ya kisamvu iliyokwisha kuchemka. Mwenye nyumba kalalamika tunamchelewesha.
“Shukuru umechelewa, dada,” Mzee Kasonso kamwambia.

Zote tano, wino mwekundu.

Jumatano, 14 Agosti
Mama Nestori ametoka saa tatu. Askari walimsindikiza, haikuwa lazima. Waliokuwa wakipiga kelele Jumatatu walimbebea kikapu. Mahututi wa pili kaomba uji, kisha kalalamika hauna sukari. Bi. Rozina kacheka mara ya kwanza tangu Jumapili.

Kumi na tisa kati ya kumi na tisa. Tumeshinda. Nimeliandika neno hilo kwenye habari pia. Mhariri akilikata, nitalirudisha kwa mkono.

Jumamosi, 17 Agosti
Makopo yameandikwa kwa rangi. Dawa ya mende sasa iko chumba cha nyuma, na kufuli.

Kwaya wamemwomba Mama Nestori apike tena. Mmoja akapendekeza safari hii aonje mbele yao. Kakataa. Atapika, na atakula wa mwisho kama kawaida. Wamekubali.

Jumapili ya tarehe 25, baada ya misa ya pili. Nimealikwa.