Sema Ulichogusa

Keko Machungwa,
Temeke,
Dar es Salaam.
16 Septemba 1984

Mpendwa mdogo wangu Nikodemu,

Habari za huko Mpika, Zambia, na za reli? Shemeji Anjelina hajambo? Kile kifua chake kimepona, au bado anakohoa na dawa hataki? Sie huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mgongo wangu unalalamika nikiinamia benchi muda mrefu, ila mikono ni ileile. Shemeji yako Adelina anasema ukikaa tena miezi mitano bila kuandika, ukija hapikii mtu.

Juzi sabuni ilifika dukani, tukapanga foleni tangu alfajiri. Tulipata vipande viwili.

Sasa kaa vizuri. Habari yenyewe ni ya binti yangu Felicitas, yule uliyesema ubishi wake utanitoa roho. Leo kanisani kaka yako nimetembea kifua mbele mpaka Adelina akanifinya!

Unajua yuko ofisi ya kompyuta kule mjini. Kazi yake ni kukagua. Ndani ya mashine kuna programu moja inayoziongoza nyingine zote, wenyewe wanaiita kiini. Mtu akirekebisha kiini, hata awe bosi, marekebisho hayaingii mpaka Felicitas ayasome na kuweka saini. Mtoto wa seremala, Niko!

Mwezi uliopita waliletewa kompaila mpya. Usicheke, hata mie nimelijua neno hilo juzi. Ni programu inayogeuza wanachoandika watu kiwe lugha ya mashine. Tangu hiyo mpya ije, mashine ikawa inazimia ovyo. Bosi wao, Ndugu Wilbert, akaandika dawa yake mwenyewe: mistari minne ya lugha ya mashine kavu, akaipachika katikati ya kiini. Wakaijaribu siku mbili, mashine haikuzimia. Ofisi nzima ikashangilia. Felicitas akakataa kusaini.

Jumatano jioni alinieleza sababu kwa vijiti vya kiberiti. Mashine ina vishubaka vichache vya kuwekea namba inapofanya kazi, na kompaila ndiyo inayopanga namba ipi ikae wapi. Mistari ya Wilbert inaweka namba yake kwenye kishubaka kimoja bila kuiarifu kompaila. Siku hizo mbili kishubaka kilikuwa kitupu, bahati tu. Siku kikiwa na kitu, kitu hicho kitapotea, na mashine itaendelea na namba isiyo yake.

Mie sikusikiliza vishubaka. Nilisikia kwamba kambishia bosi. Siku hizi asiye na kazi akikutwa barabarani anapakiwa gari akalime, unayasikia hayo hata huko. Nikafoka. Nikamwambia asaini, yaishe. Akakusanya vijiti vyake akaenda kulala.

Hapo ndipo nilipokosea, mdogo wangu. Alhamisi nilivaa shati la kanisani, nikaenda mjini kwa Ndugu Wilbert bila kumwambia mtu. Nikamwomba radhi kwa niaba ya mtoto. Nikamhakikishia kuwa atasaini. Yule bwana ni mstaarabu, akanipa kiti, akasema, "Mzee, nimekusikia."

Ijumaa akamwita Felicitas mbele ya wenzake, akamwambia baba yako kasema utasaini. Fikiria aibu aliyoipata. Lakini hakusaini! Aliomba jambo moja tu: kompaila iachiwe itumie vishubaka vyote itakavyo, kisha mashine ipewe kazi za ofisi zote kwa pamoja. Haikumaliza hata dakika kumi, ikazimia. Felicitas akaongeza kwenye mistari ile tamko fupi la kuiarifu kompaila kishubaka gani kinaguswa. Wakaiwasha tena. Ikafanya kazi mpaka ofisi ikafungwa. Wilbert akasimama mbele ya wote akasema kosa ni lake, na kwamba angekuwa yeye kwenye nafasi ya binti angeshasaini siku ya kwanza.

Unajua alilitoa wapi jicho hilo? Unakumbuka ule mlango wa mninga wa Padre? Felicitas ana miaka minane, kalegeza kisu cha randa ili achonge rula yake, kakirudisha kimya bila kukikaza, na mie nikaja nikauchana ule mlango katikati. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Sikumchapa. Nilimsimamisha mbele ya benchi nikamuuliza, "Umegusa nini?" Alipotaja, nikamwambia, "Haya, sasa najua pa kurekebisha." Tangu siku ile ndiyo sheria ya karakana: ukitumia benchi langu, sema ulichogusa.

Basi Ijumaa jioni naranda ubao, nasikia hodi mlangoni. Hodi, kwenye karakana aliyokulia! Nikamkaribisha. Hakukaa. Akaniangalia, akaniuliza, "Baba, umegusa nini?"

Niko, niliweka randa chini. Miaka hamsini na mbili hii, sijawahi kuulizwa hivyo na mtoto. Nikamjibu: nimegusa kazi yako, nimegusa na jina lako, na sikukwambia.

Akasema, "Haya, sasa najua pa kurekebisha." Kisha akacheka, akanipa karatasi ya mashine yenye ile mistari. Siielewi hata herufi moja, isipokuwa pembeni ameandika kwa Kiswahili: sema ulichogusa. Nimeipigilia misumari juu ya benchi. Kila mteja lazima aisome kabla hatujaongea habari ya kitanda chake.

Dada Filomena huko Masasi nitamwandikia kesho. Msalimie shemeji, wapwa zake, na rafiki yako Polikarpo. Mungu akutangulie kila treni inapoondoka, na akurudishe mzima tukuone.

Halafu nawe nikwambie. Ile randa yako uliyoniachia nikutunzie, nimeitumia miaka yote sita. Kisu kimebaki nusu.

Kaka yako akupendaye siku zote,
Gaspar