Mizinga ya Baba Haitarudi Ihanda

Mwaka umetimia, Baba yetu Yonathani Nzunda, tangu ulipotutoka tarehe 28 Septemba, siku nne tu baada ya kulazwa. Wengine kwenye ukurasa huu wa kumbukumbu gazetini huandika kwamba wanalia. Sisi tulishalia, Baba. Leo tumekuja na habari, na tunakuomba utulie huko uliko utusikilize.

Kwanza tuseme ulivyokuwa, maana wapo wanaosoma ambao hawakukujua. Ulikuwa mfugaji nyuki wa Ihanda, mwenye mizinga arobaini na miwili, kila mmoja na namba yake. Ulikuwa na daftari la maua: kahawa imechanua lini, alizeti lini, parachichi lini, miti ya porini lini. Ukionja asali ulijua maua gani yamechangia, kisha ulifungua daftari kuhakikisha, kwa sababu ulimi wako mwenyewe hukuuamini. Hukuvuna sega ambalo nyuki hawajalifunika kwa nta, hata mteja awe amesimama mlangoni na ndoo. Halafu kile kipimo chako cha maji ya asali! Tone moja kwenye kioo, jicho moja umefumba, nyumba nzima kimya. Maji yakizidi asilimia kumi na nane unasema, "Bado hii, wenyewe hawajamaliza kazi." Wazambia pale Tunduma walikuita Bashi Sekela, yaani baba yake Sekela, na walinunua bila kuonja.

Na ulikuwa mpole kupita kiasi. Hilo Mama, mkeo Tupokigwe, hajakusamehe mpaka leo.

Maana yule jirani yako mwenye shamba la parachichi ulimwendea mara tatu. Wenye gazeti wametukataza kutaja jina lake. Sawa, Ihanda nzima inamjua. Ulimwomba apige dawa jioni, nyuki wakisharudi nyumbani, ukamweleza kwamba parachichi zake zinashika matunda kwa kazi ya nyuki hao hao. Akaitikia, "Ndiyo, mzee." Halafu Alhamisi moja ya Agosti, saa sita mchana, maua yamefunguka yote, akapiga. Uliwafagia nyuki kwa ufagio, Baba. Ndoo tatu! Mama anasema miaka yote ya ndoa hakuwahi kukuona umekaa chini kwenye udongo namna ile.

Kwenye mkutano wa kijiji, jirani huyo akasimama akasema nyuki wamekufa kwa ugonjwa tu, na umeuleta mwenyewe kwa huo utafiti wako. Watu wakacheka. Wewe hukubishana naye. Uliwaweka nyuki waliokufa kwenye chupa, ukawatuma maabara, ukatuambia tusubiri majibu. Kabla hayajafika presha ikakuangusha, ukaondoka kijiji kikikuona mwongo. Hapo ndipo panapotuuma.

Sasa habari zenyewe. Majibu yalirudi Novemba: ni sumu, dawa ile ile ya kunyunyizia parachichi. Mama aliyabeba mpaka kwa mwenyekiti, yakasomwa mkutanoni, na safari hii hakucheka mtu. Jirani hakufika, eti ana mgeni.

Mama aliporudi nyumbani alifungua daftari lako. Humo uliandika kwa mkono wako kwamba nyuki huenda hata kilomita tatu kutafuta chakula, na zaidi wakiwa na njaa. Akasema, "Basi tuwapeleke asikoweza kumpata hata mmoja." Mizinga kumi na tisa iliyosalia tuliifunga alfajiri, tukaipakia kwenye lori mpaka Mbebe, kwa shemeji yako Ambakisye. Hatukubakisha hata ule wa namba saba ulioupenda.

Julai mwaka huu parachichi zake zikachanua, shamba zima. Mwishoni mwa Agosti maua yote chini! Kila mti una matunda mawili matatu tu, kazi ya nyuki wa porini. Siku hizi Mama anakwenda kanisani kwa njia ya shambani kwake, ingawa ni ndefu, na anatembea taratibu. Tusikufiche, Baba, tumefurahi. Kitu kimoja tu hakikutupendeza: maboga ya dada Enesi wa hapa kijijini nayo hayakuzaa vizuri, na yeye hakutukosea lolote. Tulimwomba radhi, tukampelekea mahindi.

Wiki iliyopita jirani akabisha hodi, kaleta sukari kilo mbili. Anataka mizinga irudi kabla ya msimu ujao, hata mitano tu. Mama alimkaribisha vizuri, akampa chai, akamwekea asali ya Mbebe, akamsubiri mpaka kikombe kikaisha. Kisha akamwambia, "Huo ni ugonjwa tu, baba. Pengine umeuleta mwenyewe."

Loo! Mtu mzima akawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

"Mama Sekela, tuyamalize," akasema. "Hata mzee asingetaka hivi."

"Mzee yuko wapi?" Mama akamuuliza.

Akainuka, na alipofika mlangoni akaomba kwamba kumbukumbu yako ikitoka, na jina lake liwemo kati ya wanaokukumbuka, ili watu waone kuwa yamekwisha.

Ezron, mwanao, anaona imetosha, na ametaka tuseme hivyo. Tumesema. Na ni kweli usingetaka hivi. Hospitalini ulimshika Mama mkono, ukamwambia asimwekee yule mtu kinyongo, na mizinga ibaki ilipo. Mama akajibu, "Sawa, mume wangu," ili upate kulala. Alikudanganya, Baba. Ametuagiza tuliandike hilo hapa, ulisikie kutoka kwake mwenyewe.

Unakumbukwa na mkeo Tupokigwe, wanao Sekela na Ezron, mkweo Gwantwa, wajukuu zako wote, shemeji yako Ambakisye na familia yake Mbebe, na wafugaji nyuki wenzako wa Ihanda na Hasamba uliowafundisha bila kuwaficha kitu. Jirani hayumo.

Wewe, Baba, hatutakusahau kamwe. Na yeye hatutamsahau.