Uso wa Mjomba Mbele ya Watu wa Chiwanda

Jumatatu, 12 Juni 1995
Nimechuma kahawa mpaka jua likapanda juu ya migomba. Mnunuzi binafsi kasimamisha gari barabarani, kaniuliza mimi bei. Wenzangu wanamwuliza mnunuzi, mnunuzi ananiuliza mimi. Ndivyo Mbuji ilivyo tangu biashara iwe huria. Nikikohoa, bei inapanda. Siandiki haya kwa majivuno. Ni kumbukumbu tu.

Dereva wa lori ametoka ziwani na salamu za dada yangu Agnesi, wa Lundo. Harusi ya binti yake Tekla ni Jumamosi ya kwanza ya Julai. Bwana harusi ni mtu wa Chiwanda. Baba yake Tekla ni marehemu. Mjomba ni mmoja tu, mimi.

Kwa wale wa kule, mjomba haendi kula pilau tu. Asubuhi ya harusi anasimama mlangoni, uso wazi, bila kofia. Wakwe wanamtazama mpaka waridhike. Anasema neno lake, ndipo binti anatoka. Wasipomwona mjomba, wanajua huyu hana kwao. Agnesi alipoolewa, mjomba wetu alikuwa migodini Afrika Kusini. Mlango ulikuwa mtupu. Najua alivyopigwa kwa mumewe miaka ile, na hakuna aliyekwenda kuuliza. Tekla hatatoka kwenye mlango mtupu.

Tatizo uso wenyewe. Nimeutazama kwenye kioo cha pikipiki ya katekista. Mabaka meusi mashavuni, mashimo ya chunusi za ujana. Huu siwezi kuwapelekea watu wa Chiwanda.

Jumatano, 14 Juni
Mbinga mjini. Mke wangu nilimwambia nafuata magunia.

Maduka yamefurika. Juzijuzi tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, leo krimu za kila nchi zimejaa dirishani, kila kopo na mwanamke wake anacheka. Saluni ya Madamu Roza iko nyuma ya stendi. Mwanamume nilikuwa peke yangu. Nikasema nimekuja kukagua.

"Karibu mkaguzi," akasema. "Lakini Baba, huu uso umezeeka kabla yako."

Wasichana waliokuwa wanasukwa wakacheka. Nikawaambia uso huu ulitazamana na mamba wa mto Ruvuma, mamba akageuza. Wakacheka zaidi.

Alinipaka dawa nyeupe, harufu kama maji ya betri. Ikachoma. Nilitaka kupiga kelele, nikaimba. Akasema ngozi ya juu itatoka polepole, chini kuna ngozi ya mtoto. Masharti: nisikae juani, nisijikune, nisichanganye na dawa nyingine yoyote. Akanipa kopo dogo. Jioni nipake kiasi cha punje ya mchele.

Mimi si mtu wa punje.

Ijumaa, 16 Juni
Dawa imeshika! Mabaka yanafifia. Uso laini, nikiupapasa naona kama nampapasa mtu mwingine. Mke wangu alinitazama muda mrefu wakati wa chai.

"Baba Yusta, umejipaka nini? Unang'aa kama sufuria jipya."

Nikasema ni baridi ya Juni. Akasema na yeye anaishi kwenye baridi hiyohiyo.

Kwenye pombe wameniuliza kama nina damu ya Kireno kutoka Msumbiji. Sikukataa. Nimewaambia bibi yangu alivuka mto na mtu wa heshima.

Nimepaka kidole kizima. Kisha kingine.

Jumapili, 18 Juni
Sikwenda kanisani. Uso umevimba. Ngozi inabambuka vipande vipande kama gome la mkaratusi, chini yake ni mbichi, panatoa maji. Nikicheka panapasuka. Nikitafuna panapasuka.

Kosa ni la jua. Jana nilishinda juani nikigeuza kahawa kwenye vichanja. Nani angeigeuza?

Mke wangu amekwishajua. Kopo kaliona chini ya godoro. Kanuna kwa ufundi mkubwa.

Jumatatu, 19 Juni
Nimefikiri kama msomi. Kahawa ikishikwa na ugonjwa wa majani, tunanyunyizia mrututu, ile dawa ya buluu. Doa linakauka. Mibuni yangu hakuna anayeizidi Mbuji nzima, ni kwa sababu najua kuipimia. Na babu alikuwa akipaka mrututu vidonda vya mbuzi. Sasa ngozi ni nini? Ni jani tu. Huyo wa saluni hajui kilimo, ndiyo maana alinikataza.

Nikachukua uliobaki stoo kutoka msimu wa kunyunyizia. Nikakoroga na maji kwenye karai. Nikainamisha uso.

Nimepiga kelele. Watu wamekuja na majembe wakidhani nyoka.

Jumanne, 20 Juni
Jicho la kushoto halifunguki. La kulia naona ukungu. Naandika kwa herufi kubwa.

Naogopa.

Jumatano, 21 Juni
Mke wangu kanishika mkono mpaka zahanati kama anapeleka ng'ombe josho. Njia nzima watu wanasalimia, yeye ndiye anajibu. Mtu wa zahanati aliniosha kwa maji mengi. Mengi. Maji yalikuwa yanatoka ya buluu.

"Mzee, ulikuwa unafanya nini?"

Mke wangu akanijibia. "Alikuwa ananyunyizia."

"Mzee wangu, uso si mbuni."

Alisema nina bahati, mboni haikuguswa sana. Kanipa marhamu ya jicho. Kusafisha kwa maji yaliyochemshwa, basi. Nisipake chochote, hata mafuta ya kula. Kovu litakuwepo au halitakuwepo, hajui. Buluu imekaa kwenye mipasuko, itatoka na ngozi. Lini? Hajui. Na safari? Akasema nisithubutu vumbi wala jua.

Sikumwambia kuhusu harusi. Mke wangu akamwambia. Yule bwana akatikisa kichwa.

Ijumaa, 23 Juni
Habari zimeshafika Lundo kabla ya uso wenyewe. Yule dereva ana mdomo mrefu kuliko lori lake. Leo karudi na jibu la Agnesi: kama siwezi, nisijitese, Festo atasimama.

Festo! Mdogo wa marehemu mume wa Agnesi, baba mdogo wa Tekla. Mtu huyu hakuitaka harusi tangu mwanzo. Ndiye anayetembea kijijini akisema upande wa mama yake Tekla hauna watu, ni wa kuokotwa milimani. Akisimama yeye ndiyo atakuwa amethibitisha. Watu wa Chiwanda wataondoka na binti wakijua nyuma yake hakuna mtu. Siku akipigwa atakimbilia kwa nani? Kwa Festo?

Nimetembea uani mpaka mke wangu kasema ninawachosha kuku.

Jumapili, 25 Juni
Jicho limefunguka nusu. Kwenye kioo nimeona mtu simjui. Shavu moja jekundu, jingine jeusi kuliko zamani. Paji lina ramani. Buluu puani na pembeni ya mdomo. Panawasha kama siafu. Nimekalia mikono yangu ili nisijikune.

Mke wangu ananikanda kwa kitambaa cha maji baridi. Mkono wake ni mwepesi. Leo kaniuliza tu: "Ulitaka kumpendeza nani?" Nikasema ukoo. Akasema ukoo haujawahi kukutazama hivyo. Nimemgeuzia shavu jingine. Si kawaida yangu.

Jumatano, 28 Juni
Nimesafiri. Mke wangu alikataa, kisha akaniazima kanga yake nijifunike kichwa chote, akabaki kulinda kahawa isiibiwe vichanjani. Nilipanda lori asubuhi, nikakaa katikati ya magunia ya mahindi. Vumbi. Kona. Kila tulivyoshuka, hewa ilizidi kuwa moto, na jasho likaanza kuingia kwenye mipasuko. Chumvi. Nilishika gunia nikaliminya kama adui.

Njiani alipanda mama na binti yake mdogo. Binti akaniangalia na kanga yangu, akapiga goti.

"Shikamoo bibi."

Nikajibu marahaba. Kwa sauti nyembamba. Ningefanyaje?

Alhamisi, 29 Juni
Lundo. Agnesi alinifunua kanga mwenyewe, akashika mdomo. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, halafu sikujua kama bado anacheka. Alinishika masikio kama alivyofanya tukiwa wadogo.

Festo alikuja na wazee wake kunisalimu. Alikuwa amejiandaa.

"Karibu shemeji. Umekuja na uso, au umeuacha Mbinga?"

"Nimekuja nao. Wako upo wapi?"

Walicheka, lakini si kwa upande wangu. Festo akasema mbele ya wote kwamba wakwe ni watu wa heshima, hawawezi kuonyeshwa kitu kama hiki siku ya furaha, watoto watalia, watu watasema ukoo una maradhi. Yeye suti yake iko tayari. Wazee wakaguna. Kuguna kwa wazee ni kukubali.

Agnesi hakubisha. Hilo ndilo limenichoma kuliko mrututu. Alitazama chini akasema nitakaa chumba cha ndani, nitaletewa chakula.

Nje wanawake wanaanika usipa mchangani. Jua linarudi kutoka kwenye mchanga na kwenye samaki, linanipiga chini na juu. Nimeingia ndani. Nimekaa gizani kama kuku anayelalia mayai.

Ijumaa, 30 Juni
Asubuhi Tekla kaniletea uji. Wamekwishamsuka. Hakushtuka. Alivuta kigoda, akakaa mbele yangu, akanitazama uso wote, polepole, kama mtu anayesoma.

"Shikamoo mjomba. Inauma?"

Nikasema haiumi, nilishaumwa na chui ikawa zaidi ya hapa.

"Kesho utasimama."

Nikamweleza aliyosema Festo. Nikamwambia nitawatisha.

"Ndiyo nataka," akasema. "Watishike kidogo. Mama alitolewa na watu wazuri waliovaa suti, mjomba hakuwepo. Wewe wakikuona hawatakusahau."

Nikacheka, shavu likapasuka. Akanifuta kwa ncha ya kanga yake. Akaenda kumwambia mama yake na Festo kwamba bila mimi mlangoni yeye hatoki, na wale wa Chiwanda wanaweza kurudi na ngoma zao. Nilisikia kelele za Festo kupitia ukuta. Kisha sauti ya Agnesi, kali, sijaisikia tangu ujana wetu: "Kaka yangu atasimama. Suti yako vaa ukae nayo."

Uji ulipoa. Sikuweza kuunywa.

Jumapili, 2 Julai
Jana ilikuwa jana. Leo ndiyo nina nguvu ya kuandika.

Walikuja na ngoma na spika, wamejaa uwanjani, na jua tayari kali. Agnesi aliniondoa kanga. Nikasimama mlangoni, Tekla nyuma yangu. Ngoma zikanyamaza. Mtoto mmoja akalia, akabebwa. Nilisikia mtu anasema Mungu wangu. Jasho lilianza kushuka kutoka kwenye nywele, likaingia kwenye paji, likaingia jichoni. Sikufuta. Nilijua nikifuta ngozi itatoka na mkono mbele ya watu.

Walinitazama sana. Sijawahi kutazamwa hivyo.

Hotuba nilikuwa nayo, ndefu, inaanzia kwa babu yangu na Wajerumani. Ilipotea yote. Nikasema: "Huyu ana kwao. Kwao ni kwangu, Mbuji, kila mtu atawaonyesha nyumba. Siku mkichoka naye msimguse, niiteni. Nitakuja na uso wowote nitakaokuwa nao."

Kisha mzee wa Chiwanda akasema, "Tumekuona, mjomba." Akarudia, na wenzake wakarudia. Vigelegele. Tekla akatoka.

Festo alikula vizuri. Suti ilimpendeza, nitasema ukweli.

Jumatatu, 3 Julai
Pametulia. Uwanja umefagiwa. Tekla ameshakwenda. Agnesi kanikalisha kivulini, kaweka maji ya kuchemsha yapoe, ananibandua ngozi iliyokufa kwa vidole, polepole, anaitupia kuku. Jicho liko wazi. Ziwa leo ni la buluu na halina wimbi.

Wapita njia wanasimama kunisalimu. Wanasema nilisimama kama jiwe. Wanasema nilimkazia macho mzee wa Chiwanda mpaka yeye ndiye akainamisha. Wanasema hawajaona mjomba wa namna ile. Ninakubali kwa kichwa. Sijaongeza chochote, na wao wenyewe wameongeza.

Humu niandike ilivyokuwa. Jasho lilikuwa limejaa macho yote mawili. Nilikuwa sioni. Niliona shati jeupe mbele yangu, nikajua ndiye mzee, nikamkazia, nikamwambia yote, huyu ana kwao na mengine. Alikuwa fundi wa spika. Mzee alikuwa upande wa kulia, karibu na mgomba. Aliponijibu, sauti ilitoka kule, na mimi bado nimemkodolea fundi, ambaye alikuwa ameshika waya na hajui afanye nini.

Tekla ndiye aliyeona. Alinishika kiwiko kwa nyuma, akanigeuza kidogo.