Darasa la Punje za Ulezi

Sumbawanga,
Alhamisi, mchana

Dada yangu mpenzi Lucia,

Shikamoo dada. Huku baridi inauma kama kawaida yake, lakini mwili wangu hauna neno, na naamini huko Matai wewe, shemeji na watoto mnaendelea vizuri, na mguu wa baba umepungua kuvimba. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako ikipokelewa nyumba nzima inaingia kwenye mazungumzo, na haya nataka uyasome peke yako kabla Shangazi Getruda hajafika hapo. Ndiyo, shangazi yake Modesti anakuja kunishtaki.

Lakini kwanza nikuambie, dada, ndoa ni tamu! Usinicheke. Modesti wangu akirudi kutoka shuleni anakofundisha, naijua pikipiki yake tangu ikiwa kona ya kanisa, na moyo unaruka utadhani ndiyo kwanza ananichumbia. Juzi kaniletea kitenge cha zambarau. Nikamuuliza kuna sherehe gani, akasema sherehe ni wewe. Siku hiyo niliunguza maharage yote.

Kinachoniudhi ni kwamba mume mwenyewe sijamfaidi. Wakati pekee tungeweza kukaa wawili ni asubuhi, kwenye chai, na asubuhi ina mwenyewe: baba mkwe wangu, Profesa Eustaki.

Unajua alifundisha chuo kikuu miaka mingi, na alikuwa miongoni mwa watu wetu wa mwanzo kabisa kuchunguza nyota kwa eksirei. Majirani mpaka leo wanamletea picha za mifupa yao iliyovunjika, naye anazielekeza juani, anazitazama kwa heshima, kisha anawaambia waende hospitali. Sasa kumbukumbu zinamtoka. Mimi hanijui kuwa ni mkwe. Anajua niko darasani kwake.

Basi kila asubuhi nikianza kupepeta ulezi, anavuta kiti mpaka mlango wa jiko, anaita, "Binti wa mbele, kaa hapa nikuone!" Anachota ulezi wangu niliokwisha kuusafisha, anaudondosha sakafuni, punje moja, nyingine, nyingine tena. Anasema zipo nyota zenye joto la kutisha zinazotoa eksirei, lakini hewa yetu inazizuia zote, ndiyo maana yeye na wenzake walirusha vyombo juu ya hewa. Na huko juu nako mwanga huo wa eksirei haumwagiki kama maji. Unafika punje punje, nawe unasubiri mpaka zijikusanye uone kuna nini. Kisha ananiuliza nimeona nini. Siku ya kwanza nilisema naona duara. Akanikazia macho: "Umeona, au umetamani?" Dada, nilitaka kulia. Chai inapoa, Modesti anavaa viatu anaondoka, na mimi nimepiga magoti naokota ulezi kwenye nyufa za sakafu.

Shangazi Getruda akinikuta hivyo ni balaa. Wewe unajua heshima ya ukoo huu: mke wa mtoto hamkabili baba mkwe. Unaweka chakula, unapiga goti kwa pembeni, macho chini, unaondoka. Shangazi anasema mimi namkodolea macho mkwe kama muuza nyanya anayebembeleza mteja. Nikimwambia ndiye anayeniita, ananijibu, "Yeye mgonjwa. Wewe je, unaumwa nini?" Modesti naye, mpenzi wangu yule, anakuna kichwa tu na kusema nivumilie.

Jumamosi iliyopita wanafunzi wa zamani wa baba mkwe walikuja kumpa heshima yake. Watu wazima, suti, vipara. Tulifunga turubai uani, padri akabariki, na mmoja wao, Dokta Teodori, akasimulia jinsi Profesa alivyokuwa akiingia darasani koti limejaa chaki, na jinsi alivyomtoa nje mtu yeyote aliyejibu kwa kubahatisha. Watu wakacheka sana. Kisha wakamwomba mwenyewe aseme neno.

Yeye akawa anachezea kifungo cha koti. Kwaya ikaanza wimbo, wakaambiwa wasubiri. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba mzee amekwisha, afadhali wampeleke ndani. Nilikuwa mlango wa jiko na ungo mkononi, shangazi kaniagiza nisitoke. Dada, nilitoka. Nikapita katikati ya wageni, nikakaa chini mbele yake, uso kwa uso, nikadondosha punje moja kwenye sinia. Nikasema, "Profesa, tunaona nini?"

Akainuka! Sauti ile sijawahi kuisikia hata jikoni. Alifundisha, Lucia. Alisimulia chombo chao kilivyorushwa na kupotea mawinguni, na walivyoanza upya. Dokta Teodori na wenzake waliacha viti wakakaa chini na suti zao, mmoja alikuwa akifuta machozi kwa tai. Modesti alinitazama kwa namna ambayo nitaikumbuka mpaka uzeeni.

Kisha baba akaniinamia aulize swali lake, akanitazama usoni. Macho yakatulia. Akasema polepole, "Mke wa Modesti. Mkwe wangu. Unafanya nini hapa?" Akageuza uso, akafunika macho kwa mkono, na mimi nikakimbilia jikoni.

Hayo ndiyo Shangazi atakayokuja kuyasema, na ni kweli tupu. Anataka nirudishwe kwetu nikafundwe upya. Modesti kamwambia siendi popote.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni hili, na sijamwambia hata mume wangu. Tangu siku ile baba hakuniita tena. Asubuhi zikawa zetu wawili kama nilivyoomba, chai ya moto, Modesti kanishika mkono, na mimi sikio liko mlangoni. Ninalikosa lile darasa, dada. Mimi niliyeishia kidato cha nne, nilikuwa mwanafunzi wa mtu yule!

Leo, Modesti alipoondoka, nilimwona baba kakaa kwenye kiti chake akitazama ukuta. Nikaketi mlangoni nikampa mgongo, kama heshima inavyotaka, nikaanza kudondosha ulezi sakafuni. Nikaendelea. Mara nikasikia kiti kinavutwa nyuma yangu.

"Umeona nini?"

Nikasema, "Bado, Profesa. Ni chache."

"Vizuri," akasema. "Usiharakishe."

Nilitamani sana kugeuka. Sikugeuka.

Shangazi akifika mpikieni vizuri, msibishane naye. Mwambieni mkwe wao anakaa anavyotakiwa kukaa. Nisalimie baba na mama, wabusu watoto, na ukimpata mtu wa basi nitumie ulezi kidogo, wa kwangu unaisha haraka.

Mdogo wako akupendaye,
Zita, mke wa Modesti