Kipande Ulichokikata

Nairobi, 12 Machi 1979

Dada yangu Murugi,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi ni mzima, ila macho yanauma kwa kukaa gizani nikikata na kuunganisha filamu. Je, Giakanja mko salama? Mguu wako umepona?

Kazi imekwisha. Juzi tuliwaonyesha wakubwa. Nimeongoza filamu tisa, za barabara, za chai, za majosho ya ng'ombe, na hakuna hata moja iliyowahi kumnyamazisha mtu. Lakini uliposimama kando ya ule mtaro wa siku za vita vya uhuru ukasema ni wewe uliyemtaja Watiri kwa mahomugadi, wale askari wa Mzungu, kwamba anawapelekea wapiganaji chakula msituni, ukumbi wote ulinyamaza. Bwana mmoja alivua miwani akapangusa macho.

Usiwe na wasiwasi. Filamu hii ni ya ng'ambo, kama nilivyokuahidi. Huko nyumbani haitafika.

Ndugu yako mdogo,
Kingori

Giakanja, 14 Juni 1979

Kwako Kingori ndugu yangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mguu umepona. Mwalimu wa kisomo cha ngumbaru ametuambia kila mmoja amwandikie mtu wake barua ya kweli kwa Kiswahili, na ya kweli ninayo.

Jumamosi ya tarehe mbili gari la sinema lilikuja sokoni. Walitundika kitambaa cheupe, wakaonyesha picha ya kunyunyizia kahawa dawa, kisha wakanionyesha mimi. Uso wangu ulikuwa mkubwa kuliko duka la Gatimu. Watiri alikuwa amekaa nyasini karibu nami, tunagawana muwa. Picha ilipokwisha aliinuka, akakung'uta leso, akaenda. Hakuniuliza kitu.

Unajua tunavyolima kwa ngwatio, wanawake kumi na mmoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Jana ilikuwa zamu yangu. Nilipika githeri katika ile sufuria ya harusi. Hakuja mtu. Githeri tumekula mimi na kuku.

Lakini nikuulize. Mbona picha haikumtaja mtoto? Nilisema mbele ya kamera yako kwamba mtoto ni wewe, ulikuwa na surua, pumzi inakatika, na yule homugadi akakataa kunipa pasi ya kukupeleka hospitali Nyeri mpaka nitaje jina. Nilisema hayo nikalia. Sikuyaona. Watu wameona mwanamke aliyemuuza jirani yake bure.

Ulipokuwa mdogo hukuweza hata kuchinja kuku. Leo umejua kukata.

Dada yako,
Murugi

Nairobi, 9 Septemba 1979

Dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Yako nimekaa nayo karibu miezi mitatu. Kila nikianza kujibu naona haya, naweka kalamu chini.

Nakala ya filamu ilitolewa kwa watu wa gari bila mimi kujua. Hayo si maneno ya kujitetea. Ilikuwa kazi yangu kuuliza, na sikuuliza.

Kipande cha mtoto nilikikata kwa mkono wangu. Wenzangu niliwaambia mwongozaji hafai kuwamo katika filamu yake, ndiyo kawaida ya kazi yetu. Wakakubali. Ukweli ni kwamba niliogopa. Watiri alikaa kizuizini miaka minne, akarudi akakuta mama yake amezikwa, na mimi muda huo wote nilikuwa shuleni na viatu miguuni. Sikutaka mtu ajue kwamba pasi ile ilikuwa yangu. Nikakuacha peke yako kwenye kile kitambaa.

Maji yamemwagika, lakini nipe nafasi. Nitakirudisha kile kipande, nilete gari mwenyewe, tuionyeshe upya sokoni.

Ndugu yako mwenye makosa,
Kingori

Giakanja, 21 Oktoba 1979

Kingori ndugu yangu,

Sisi wazima. Mvua imenyesha vizuri na magugu pia yameamka.

Gari usilete. Watakaa wakisema mmetengeneza picha nyingine ya kufunika ile ya kwanza. Wewe una mdomo, na Watiri ana masikio.

Nilimtuma Magdaline wa kanisani kwa Watiri, amwambie una neno la kumwambia. Jibu aliloniletea ni hili: "Huyo kijana akikuja, hata mimi nitakuja. Lakini aseme yeye mwenyewe, sitaki picha."

Zamu yangu ni Alhamisi, tarehe kumi na tano Novemba. Njoo mikono mitupu. Jembe lako nimelitia mpini mpya.

Dada yako anayekungoja,
Murugi

Mwea, 12 Novemba 1979

Dada mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo, ila joto la huku na mbu ni jambo jingine.

Nimepewa ghafla kazi ya kupiga picha mavuno ya mpunga, na mpunga haungoji mtu. Alhamisi sitaweza. Ningeweza kumwomba mkubwa ruhusa. Nilifika mpaka mlangoni pake nikarudi.

Ndani ya bahasha kuna kile kipande nilichokikata. Tafadhali mwonyeshe Watiri. Nitakuja Krismasi.

Ndugu yako,
Kingori

Giakanja, 20 Novemba 1979

Kingori,

Natumaini u mzima, na mpunga umevunwa.

Bahasha yako ilifika Jumamosi. Nilikiinua kile kipande juani. Nimeona uso wangu mdogo mara nyingi, mmoja juu ya mwingine, mdomo wazi, na hakuna neno linalotoka. Nimekiweka ndani ya Biblia.

Alhamisi Watiri alikuja mapema. Tulikaa mlangoni tukitazama njia ya kutoka barabarani mpaka jua likawa kali. Ndipo nikamwambia mimi mwenyewe, yote, surua na pasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Na huyo mtoto mwenyewe ako wapi?" Nikamwambia sijui, pengine anapiga picha.

Aliinuka. Kisha akachukua jembe lako, lile la mpini mpya, akalima mstari mmoja, akarudi na wa pili. Akaliegemeza ukutani, akaenda bila kuniaga. Jana mchana wale wanawake wengine wa ngwatio walikuja, wakapalilia shamba lililobaki.

Walipofika kwenye mstari wa tatu nikawaambia waruke. Huo ni wako. Magugu yake sasa yamenifika magotini.

Ni mimi, dada yako bado,
Murugi